Namna ya Kusanifu Daraja la Manowari Nzito kwa Jeshi la Majini la Kubuni

Kila anayeanza kubuni jeshi lake la majini, awe anaandika riwaya, anachora ramani za dunia yake au anatengeneza mchezo wa mezani, huja na maswali yaleyale. Niweke mizinga mingapi? Meli iwe na urefu gani? Mbona kila nikipiga hesabu uzito unazidi? Na la mwisho, ambalo halikosi: "Manowari yangu ikikutana na Yamato, ile manowari kubwa ya Japani, nani atashinda?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Tuelewane kwanza juu ya neno moja. Nikisema "daraja" ninamaanisha kundi la meli zilizojengwa kwa mchoro mmoja, yaani meli pacha. Sizungumzii lile daraja ambalo nahodha husimama akitazama mbele.

Mwongozo huu unahusu manowari za mizinga, tangu 1905 hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili. Enzi ya makombora ya kuongozwa nimeigusia kwa ufupi karibu na mwisho.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Karatasi ya miraba, penseli na kifutio. Kifutio kikubwa.
- Kikokotoo, au jedwali la Excel kama unalizoea.
- Ramani ya nchi yako ya kubuni, yenye bandari, milango ya bahari na umbali hadi kwa jirani mnayegombana naye.
- Meli moja halisi ya enzi unayoitaka. Andika urefu wake, upana, kina chake majini, uzito ikiwa imejaa, mizinga, kasi na nguvu za mitambo. Hii ndiyo rula yako. Bila hiyo hutajua kama namba zako ni za meli au za ndoto.

Wengi huuliza kuhusu Springsharp, programu ya bure ya kukokotoa manowari za aina hii. Ni nzuri kwa kukagua, ila haifai kuanzia. Mgeni akiifungua siku ya kwanza hubadilisha namba mpaka programu ikubali, kisha hajui imekubali kwa nini. Iache hadi umalize hatua ya 8.

HATUA YA 1: Andika mwaka na adui

Mistari miwili inatosha. Mwaka ambao mchoro ulipitishwa, na meli ya adui iliyowanyima usingizi maofisa wako. Mwaka ni muhimu kuliko unavyodhani. HMS Dreadnought ya Uingereza, iliyoingia kazini Desemba 1906, ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 305 na kasi ya noti 21, na kwa mwaka huo hapakuwa na meli ya kuigusa. Miaka 10 baadaye ilikuwa mzee wa pembeni. (Noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.852.)

Kumbuka pia kwamba mwaka wa mchoro si mwaka wa kuingia kazini. Bismarck ya Ujerumani ilianza kujengwa Julai 1936 ikapokewa Agosti 1940. Yamato ilianza Novemba 1937 ikapokewa Desemba 1941. Dreadnought ilimalizika kwa muda wa mwaka na kidogo, lakini Waingereza waliifanya kwa haraka ya makusudi, tena wakiwa na viwanda vya meli vingi kuliko taifa lolote la wakati ule. Nchi yako changa isijipe muda huo.

HATUA YA 2: Orodhesha vikwazo kabla ya kugusa mizinga

Hapa ndipo ninapogombana na wanaoanza. Wote wanataka kuanza na mizinga. Mimi nasema manowari inaanzia kwenye gudi: kama haiingii kwenye gudi la kuitengenezea, haitajengwa, na ikijengwa haitakarabatiwa. Vikwazo ndivyo vinavyoipa meli umbo lake, na msomaji huamini meli anayoona imebanwa mahali.

Tazama zilizokuwapo. Meli za daraja la Iowa za Marekani zina urefu wa mita 270 lakini upana wa mita 33 tu. Kwa nini nyembamba hivyo? Malango ya mfereji wa Panama yalikuwa na upana wa mita 33.5. Mkataba wa Washington wa 1922 uliweka kikomo cha tani 35,000 na mizinga ya milimita 406; Waingereza wakajenga Nelson na Rodney zikiwa na minara yote mitatu ya mizinga upande wa mbele, ili sehemu ya kufunikwa deraya, yaani mabamba mazito ya chuma ya kinga, iwe fupi na tani zisizidi. Zilikuwa na sura ya ajabu, lakini kila ajabu ilikuwa na sababu yake.

Jibu maswali haya kwa namba:
a) Gudi kubwa kuliko yote lina urefu na upana gani?
b) Bandari kuu ina kina gani maji yakiwa yamekupwa?
c) Kuna mfereji au mlango mwembamba wa lazima kupita?
d) Kuna mkataba unaowabana? Nchi inautii, au inadanganya?
e) Nani anatengeneza mizinga mikubwa? Nyumbani, au mnanunua nje?

Swali la mwisho lina utajiri mwingi. Japani iliagiza Kongo kutoka kampuni ya Vickers ya Uingereza, ikapokewa 1913, kisha pacha zake tatu, Hiei, Haruna na Kirishima, zikajengwa Japani kwenyewe. Uingereza nayo ilipoimaliza Vanguard mwaka 1946 iliipa minara ya milimita 381 iliyokuwa imekaa ghalani tangu miaka ya 1920, kwa sababu kutengeneza mipya kungechukua muda mrefu. Jambo kama hilo kwenye historia ya daraja lako linazidi kurasa tano za sifa.

Kwa mfano wa kufuata hadi mwisho, nitabuni meli ya daraja la Ngurumo. Mwaka wa mchoro ni 1936. Gudi lina urefu wa mita 240 na upana wa mita 33. Bandari ina kina cha mita 10, kwa hiyo meli isizame zaidi ya mita 9.2. Adui ana manowari za zamani zenye nguvu na meli za doria zenye kasi.

HATUA YA 3: Sema kazi ya meli kwa sentensi moja

Sentensi moja, si aya. Ngurumo: "Kukimbiza na kuua meli za doria za adui, na kukimbia manowari zake nzito." Basi. Meli ya kazi tano haifanyi hata moja. Ukishindwa kuisema kazi kwa sentensi moja, rudi hatua ya 1.

HATUA YA 4: Chagua mizinga

Sasa ruksa. Kanuni moja tu ya kukariri: uzito wa kombora hukua kwa kipeo cha tatu cha kipenyo cha mtutu. Kombora la milimita 305 la Dreadnought lilikuwa na kilo 386. Ukipanda hadi milimita 406, gawanya 406 kwa 305, piga jibu × jibu × jibu, unapata karibu 2.36, mara 386 ni kilo 910. Kombora halisi la milimita 406 la Nelson lilikuwa na kilo 929. Kanuni haidanganyi sana. Iowa ilirusha la kilo 1,225 kwa mizinga ya kipenyo hichohicho, lakini hilo lilitengenezwa zito kwa makusudi.

Na si kombora peke yake linalonenepa: mtutu, mnara, baruti, vipandishio na deraya ya kufunika vyote hivyo hufuata. Mnara mmoja wa mizinga mitatu wa Iowa ulikuwa na tani 1,700 hivi. Unapoongeza "kamnara kamoja" kumbuka umeongeza uzito wa manowari ndogo nzima.

Idadi: usishuke chini ya mitutu 8 bila sababu nzito. Mizinga ilifyatuliwa kwa mafungu, wapimaji wakatazama maji yaliyoruka, wakasahihisha lengo. Fungu la makombora mawili halikuonyeshi kitu. Juu ya 12 nako ni kujitafutia matatizo.

Mpangilio wa minara una njia tatu za kawaida:
- Miwili miwili, minara minne (Bismarck). Ukipoteza mmoja bado una robo tatu ya nguvu. Lakini meli inarefuka na deraya pia.
- Mitatu mitatu, minara mitatu (Iowa, Yamato). Kwa maoni yangu ndio mpangilio wenye akili zaidi, na ndiyo maana umezoeleka mno.
- Minne minne, minara miwili mbele (Dunkerque ya Ufaransa). Unaokoa tani nyingi, lakini pigo moja linaweza kunyamazisha nusu ya meli. Wafaransa waliweka ukuta wa deraya katikati ya kila mnara kwa hofu hiyohiyo.

Ngurumo naipa mitutu 8 ya milimita 356, minara minne ya miwili miwili. Nimechagua hivyo kwa sababu nchi yangu haijui kutengeneza minara ya mizinga mitatu. Udhaifu wa kiwanda umeamua, si mapenzi yangu.

ANGALIZO: Usichanganye vipenyo viwili vinavyokaribiana, mathalani 305 na 254. Meli za kabla ya Dreadnought zilifanya hivyo, na mpimaji akashindwa kujua maji yaliyoruka ni ya mzinga upi. Mizinga midogo iwe midogo kweli: milimita 100 hadi 155.

HATUA YA 5: Pima umbo

Archimedes alishamaliza kazi: meli ina uzito sawa na maji inayoyasukuma. Kwa hiyo:

uzito (tani) = urefu majini × upana × kina cha meli majini × ujazo × 1.025

"Ujazo" ni namba inayoonyesha umbo limejaa kiasi gani kulinganisha na sanduku la vipimo hivyo. Sanduku lenyewe ni 1. Manowari nzito zenye kasi huangukia karibu 0.55 hadi 0.62. Hiyo 1.025 ni kwa sababu ya chumvi ya bahari. Jaribu kwa Iowa: 262 × 33 × 11 × 0.59 × 1.025, utapata kama tani 57,500, na ndio uzito wake halisi ikiwa imejaa.

Ngurumo: 225 × 31 × 9.2 × 0.58 × 1.025 = tani 38,150 hivi, imejaa mafuta, makombora na watu. Iko ndani ya gudi na haigusi mchanga.

ANGALIZO: Vitabu hutaja uzito wa namna mbili au tatu kwa meli moja. Uzito "wa kawaida" wa mikataba hauna mafuta. Uzito kamili unayo. Wanaoanza huchukua mmoja wa meli hii na mwingine wa meli ile, kisha wanashangaa. Mimi nilikaa wiki nzima nikijivunia meli iliyokuwa nyepesi kuliko Bismarck kwa tani 8,000, kumbe nilikuwa nimeisahau mafuta.

HATUA YA 6: Kasi, na bei yake

Kasi ndiyo inayokula watu. Nguvu inayohitajika hukua angalau kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kanuni ya zamani ya wasanifu:

nguvu za farasi = (uzito uliopandishwa kwa theluthi mbili × kasi × kasi × kasi) ÷ C

Kupandisha kwa theluthi mbili: zidisha uzito kwa wenyewe, kisha tafuta kipeuo cha tatu. C unaipata kwa kupiga hesabu kinyume kwenye meli yako ya mfano. Iowa ilikuwa na nguvu za farasi 212,000 kwa noti 33, hivyo C yake ni karibu 250. South Dakota iliyoitangulia ilikuwa na 130,000 kwa noti 27.5, na C yake ni karibu 200. Tofauti imetoka wapi? Urefu. South Dakota ilikuwa na mita 207 tu. Meli ndefu hupasua maji kwa urahisi kuliko fupi nene inayopanda wimbi lake yenyewe.

Linganisha zaidi. Meli hizo mbili zilikuwa na mizinga 9 ya milimita 406 kila moja, na deraya zao zilikaribiana. Iowa ilizidi kwa tani 10,000 hivi, na sehemu kubwa ya tani hizo ilienda kununua noti kama 6. Nikiona mtu ameandika "noti 35" kwenye manowari ya tani 40,000 yenye deraya nene, najua hajapita hatua hii.

Ngurumo kwa noti 28 na C ya 210: nguvu za farasi 118,500 hivi. Boila za mafuta na turbini za mvuke, rafadha nne. Nchi yenye makaa ya mawe tele bila kisima cha mafuta ingefikiri mara mbili, na kigugumizi hicho ni hadithi nzuri kuiandika.

HATUA YA 7: Deraya

Usifunike meli nzima. Tangu Nevada ya Marekani, iliyoingia kazini 1916, mpango ulioshinda ni wa ama nene ama hakuna: funika kwa nguvu maghala ya baruti, mitambo, minara na usukani, sehemu nyingine ziache wazi ili kombora lipite na kutoka upande wa pili. Deraya nyembamba kila mahali ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu ina unene wa kulipua kombora bila kulizuia.

Desturi ni kuzuia mzinga wa kipenyo chako mwenyewe. Mkanda wa ubavuni huwa karibu na unene wa kipenyo hicho: Bismarck milimita 320 dhidi ya mizinga ya 380, Yamato 410 dhidi ya 460. Ukiuinamisha mkanda unafanya kazi kama mnene zaidi.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu huikosea: sitaha. Kwa mbali, kombora huangukia kutoka juu. Sitaha ya deraya ni nyembamba kuliko mkanda lakini eneo lake ni kubwa mno. Piga hesabu ukijua mita moja ya ujazo ya chuma ni tani 7.85:

Mkanda wa Ngurumo: mita 110 × mita 5.5 × pande mbili × 0.32 × 7.85 = tani 3,040.
Sitaha: mita 110 × mita 28 × 0.13 × 7.85 = tani 3,143.

Umeona? Sitaha ya milimita 130 ina uzito kuliko mkanda wa milimita 320. Kila milimita 10 unazoongeza juu ni tani 240 nyingine, tena zimekaa juu, mahali pabaya.

Ghala la baruti ndilo roho ya meli. Kwenye mapigano ya Jutland dhidi ya Wajerumani, 31 Mei 1916, Waingereza walipoteza Indefatigable, Queen Mary na Invincible kwa milipuko ya ndani. Hood, nayo ya Waingereza, ililipuka 24 Mei 1941. Kati ya watu 1,418 walipona 3. Kwenye mchoro wako ghala liwe chini ya mstari wa maji, mbali na ubavu, na milango ya moto kati yake na mnara. Ukitaka meli yako ife vibaya kwenye hadithi, sasa unajua mahali pa kuacha mlango wazi.

Chini ya maji weka vyumba vya pembeni vya kumezea mlipuko wa topido, vingine vyenye mafuta na vingine vitupu. Kwa Ngurumo vina upana wa mita 4.5 kila upande.

HATUA YA 8: Gawanya tani

Chukua uzito wa hatua ya 5, ugawe. Mgawo ninaoanza nao:

Umbo na vifaa: asilimia 30
Deraya: asilimia 35
Mizinga na makombora: asilimia 15
Mitambo: asilimia 8
Mafuta, maji, chakula, watu: asilimia 12

Deraya ya Ngurumo ni asilimia 35 ya 38,150, yaani tani 13,350 hivi. Mkanda na sitaha zimekula 6,183. Zilizobaki, 7,167, zinatosha minara, mashina yake, kuta za ndani na kinga ya topido, lakini hazibakizi kitu. Ningetaka sitaha ya milimita 150 ningelazimika kwenda kuomba mahali pengine, labda kwenye mafuta, na masafa ya meli yangefupika. Kuombana huku kwa idara kwa idara ndiko usanifu wenyewe. Andika nani alishinda ubishi na nani alinuna; utaihitaji hatua ya 11.

Hapa sasa fungua Springsharp kama unataka hakimu wa pili.

HATUA YA 9: Hakikisha haipinduki

Mabaharia husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uzito nao urejee huko ngamani, chini kabisa ya meli. Kila ulichokipandisha juu, mnara, mlingoti, rada, kinaitaka meli ilale ubavu.

Vasa ya Sweden ilizama Agosti 1628 safari yake ya kwanza, baada ya kama mita 1,300 tu, upepo ukaiinamisha na maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. HMS Captain iliyopinduka Septemba 1870 inafundisha zaidi: ilijengwa nzito kuliko mchoro, ubavu wake uliopangwa kuwa mita 2.4 juu ya maji ukabaki kama mita 2, na bado ilibeba milingoti mirefu ya matanga. Msanifu wake, Cowper Coles, alikuwa ndani.

Huna haja ya hesabu kamili. Kagua mambo matatu: upana usipungue sehemu moja ya nane ya urefu, minara inayopiga juu ya mingine isizidi ngazi moja, na omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, liwe juu ya maji kwa mita 7 au zaidi, la sivyo mnara wa mbele utafua nguo kila mkipambana na mawimbi. Na usijidanganye kwamba farumi, yaani mzigo wa kutuliza meli unaowekwa chini, itakuokoa. Farumi ni tani, na tani zako zimeshakwisha.

HATUA YA 10: Chora

Mchoro wa ubavu na mchoro wa juu, kwa kipimo kimoja. Anza na mstari wa maji, kisha maghala, kisha minara juu ya maghala yake, kisha boila, bomba la moshi juu ya boila. Watu huchora kinyume, juu kwenda chini, ndipo unakuta bomba la moshi limesimama juu ya ghala la baruti.

Moshi usisahau. Dreadnought yenyewe, pamoja na sifa zote, iliwekewa mlingoti wa kuangalizia nyuma ya bomba la kwanza. Moto na moshi vikawatesa waliokuwa kileleni. Wasanifu wakubwa wamekosea hili, kwa hiyo daraja lako likikosea si aibu, mradi umejua.

Chora pia pembe ambayo kila mnara unaweza kuzungukia. Mashua, winchi na mizinga midogo visikae mbele ya midomo ya mikubwa. Mlipuko wa kufyatua huvunja vitu.

HATUA YA 11: Lipe daraja maisha

Meli moja ni mchoro. Daraja ni historia. Ziliagizwa ngapi, zikamalizika ngapi? Za Iowa ziliagizwa sita, zikamalizika nne. Mwili wa tatu wa daraja la Yamato uligeuzwa kuwa meli ya kubeba ndege, Shinano, ikazamishwa na nyambizi Novemba 1944. Pacha hazifanani kabisa: ya kwanza ina makosa, ya pili imesahihishwa, ya tatu ina rada ambayo wenzake hawana.

Ngurumo nimeipa meli tatu za kuagizwa na mbili za kumalizika. Ya pili, Radi, ina omo lililoinuliwa kwa sababu ya kwanza ilikuwa inameza mawimbi. Kufikia 1943 zote mbili zimejazwa mizinga ya kutungulia ndege, zimezama sentimita 40 zaidi, na kasi imeshuka hadi noti 27. Mkanda wa deraya sasa uko chini ya maji kwa sehemu kubwa. Ubishi wa sitaha wa hatua ya 8 umerudi, na yule aliyenuna ndiye mkuu wa jeshi.

Na ulipe udhaifu mmoja usiotibika. Bismarck iliponzwa na topido moja ya ndege kuukuu aina ya Swordfish iliyokwamisha usukani.

KAMA ENZI YAKO NI YA MAKOMBORA YA KUONGOZWA

Hatua ni zilezile, deraya inapungua na rada zinachukua nafasi yake juu. Meli ya mfano ni Kirov ya Umoja wa Kisovieti, iliyoingia kazini 1980: mita 252, makombora 20 makubwa ya kuua meli, mitambo ya nyuklia ikisaidiwa na ya mafuta. Tatizo lako kuu litakuwa uzito wa juu na nafasi za antena zisizobanana.

MATATIZO YA KAWAIDA

Uzito umezidi. Usikate kidogo kila mahali. Kata kitu kimoja kizima: mnara mmoja, au noti mbili, au milimita 20 za sitaha. Ukikata kidogo kidogo utabaki na meli mbovu ambayo bado ni nzito.

Kasi haifiki. Ongeza urefu kabla ya kuongeza mitambo, kama gudi linaruhusu. Haliruhusu? Kubali kasi uliyopata, au jenga gudi jipya na uandike lilichukua miaka mingapi.

Minara haitoshei kwenye sitaha. Umechora kipenyo cha mnara kidogo kuliko kilivyo au umesahau mizinga ina urefu. Mtutu wa milimita 406 wa Iowa una mita 20 hivi. Pima upya.

Hakuna nafasi ya mabaharia. Manowari ya ukubwa wa Ngurumo inataka watu 1,500 au zaidi. Kama mchoro wako una watu 400 kwenye enzi ya boila, nani analisha makombora?

Meli yangu inashinda kila meli. Rudi hatua ya 2; kuna kikwazo umekiruka. Mara nyingi ni fedha.

Nani atashinda dhidi ya Yamato? Yamato ilizamishwa 7 Aprili 1945 na ndege, bila kuziona meli zilizozituma. Uliza kwanza daraja lako lina mizinga mingapi ya kutungulia ndege.